Binti yangu anacheza mpira na kukwea mikarafuu: je, nimwongezee vidonge?

"Assalaam alaykum daktari. Niko Pemba, nina watoto wanne walio hai. Ninayemwulizia ana miaka 14. Alipozaliwa mkunga alisita kusema ni mtoto gani, na wiki ya pili akaanza kutapika na kukauka maji mpaka tukavushwa Dar es Salaam. Huko tukaambiwa ni msichana, ila ana tatizo la kuzaliwa nalo la tezi zilizo juu ya figo, na atatumia haidrokotisoni na fludrokotisoni maisha yake yote. Kabla yake nilizaa mtoto wa kiume, akafa siku ya kumi na mbili kwa kutapika. Wazee walisema ni mchango. Mume wangu ni mtoto wa ami yangu.

Kinachonisumbua sasa ni tabia. Tangu mdogo hakushika mwanasesere. Yeye ni mpira na wavulana, na msimu wa karafuu ukimtafuta yuko juu ya mkarafuu wakati wenzake wako chini wanachambua. Hina hataki, kusuka ukili hataki. Ana chunusi nyingi na vinyweleo vya kidevuni, na hedhi bado hajaiona. Mtaani wanamwita jike dume. Wifi yangu anasema ni huntha, yaani wa jinsia mbili, apelekwe akafanyiwe upasuaji. Mama mkwe alimpeleka kwa mtu akapewa kombe, yaani maji ya aya zilizoandikwa, anywe, na kuambiwa asimamishe vidonge siku saba. Siku ya tatu alianguka skuli. Mimi nilidhani dozi ni ndogo, nikawa namwongezea kidonge cha usiku ili tabia zirudi za kike. Tangu hapo hasemi na mimi, na juzi nimekuta vidonge chini ya godoro. Je, anageuka mwanamume? Nimwongezee dawa? Nimpige marufuku mpira? Ramadhani afunge? Na mwalimu wake anataka kumpeleka Unguja kwenye mashindano, nimruhusu?"

Waalaykum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na nitaanza na yale uliyoyapitia haraka: vidonge chini ya godoro, na kuanguka skuli. Hayo ndiyo yaliyonishtua. Mpira tutaufikia.

Mtoto mwenye tatizo hili, ambalo kitaalamu linaitwa congenital adrenal hyperplasia (CAH), akisimamisha dawa kisha akaanguka siku ya tatu, mwili wake umeishiwa kortisoli. Hii ni homoni inayoshikilia sukari na shinikizo la damu mtu anapougua, anapoumia au anapochoka sana. Tezi za binti yako haziwezi kuitengeneza ya kutosha, na haidrokotisoni anayomeza ndiyo kortisoli yake. Kortisoli ikikosekana, na chumvi ya mwili ikawa inapotea pamoja nayo, mtoto anaweza kufariki kwa muda wa saa chache. Safari hii Mungu amemnusuru.

Kwa hiyo leo, hata kabla hujamwuliza kwa nini alivificha, kaa naye ameze dozi ya leo kama ilivyoandikwa na daktari wake. Usimkemee. Hesabu vidonge vilivyo chini ya godoro ujue ni siku ngapi amekosa, uandike. Kile kidonge cha usiku ulichokiongeza mwenyewe, nenda kamweleze daktari wake wiki hii, na umweleze ukweli wote, yaani ulichoongeza wewe na alichoruka yeye. Daktari asiyejua hayo atakisia, na dozi ya kukisia ni mbaya. Na ikiwa sasa hivi unaposoma ana homa, anatapika, ana kizunguzungu, jasho la baridi au usingizi usio wa kawaida, acha kusoma, mpeleke hospitali.

Sasa tuje kwenye hofu yako. Kwa ninavyoiona, umefunga mambo mawili fundo moja. La kwanza ni mwili: chunusi, vinyweleo, hedhi iliyochelewa. La pili ni tabia: mpira, mkarafuu, kukataa hina. Unadhani yote mawili yanatoka kwenye homoni za leo na yatashushwa na kidonge kimoja. Hayatoki pahali pamoja, na kuyachanganya ndiko kulikokufikisha kwenye kile kidonge cha usiku.

Umeliona bonde la mpunga ambalo mfereji wake umeziba? Maji hayafiki konde lililokusudiwa, yanarudi nyuma na kufurika konde la jirani. Tezi za juu ya figo zinafanya kazi kama bonde hilo. Zinachukua malighafi moja na kuigawa njia tatu: moja inatengeneza kortisoli, ya pili inatengeneza aldosteroni inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo, ya tatu inatengeneza androjeni, homoni ambazo wanaume wanazo nyingi na wanawake kidogo. Kwa watoto wengi wenye tatizo hili, zaidi ya 90 katika kila 100, kuna kimeng'enya kimoja kilichopungukiwa, na njia mbili za kwanza zimeziba. Ubongo ukiona kortisoli haiji, unapiga kelele kupitia tezi ya pituitari: "Tengeneza! Tengeneza!" Tezi za juu ya figo zinakazana, zinavimba, na yote yanayotengenezwa yanafurika kwenye njia ya tatu. Ndiyo maana mkunga alisita. Ndani binti yako ana kromosomu za kike, mji wa mimba na mayai; nje androjeni zilikuwa zimeshabadilisha umbo akiwa bado tumboni, tangu miezi mitatu ya mwanzo.

Vidonge vinafanya mambo mawili. Vinampa kortisoli na mbadala wa aldosteroni ili aishi, na ubongo ukishaona kortisoli ipo, unanyamaza, na androjeni zinashuka. Kabla ya matibabu haya kuanza mwaka 1950, watoto waliokuwa wakipoteza chumvi kama wako walikuwa wakifa wangali wachanga.

Tabia ina njia yake. Zile androjeni za tumboni ziliupitia na ubongo uliokuwa unajengwa. Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1992 Sheri Berenbaum na Melissa Hines walichapisha utafiti ambao watoto waliwekewa vitu vya kuchezea vya kila aina na kuachwa wachague. Wasichana wenye tatizo hili walishika magari na vitu vya kujengea zaidi kuliko wasichana wa jamaa zao wasio nalo. Watu wakasema labda ni malezi, labda wazazi wanawalea kama wavulana. Mwaka 2005 Vickie Pasterski na wenzake wakawatazama wazazi wenyewe, wakakuta kinyume: wazazi waliwasifu mabinti hawa kwa kushika vya kike zaidi ya walivyowasifu mabinti wao wengine. Na mabinti waliendelea kuchagua magari.

Utafiti huo ulifanywa mbali na kwetu, lakini natamani uuchukue uende nao kwa mama mkwe wako. Hukumlea vibaya. Hukukosea kumwacha acheze na kaka zake. Hata ungemfunga mwanasesere mgongoni tangu siku ya arubaini, huenda angemfungua akaenda kutafuta mpira. Wapo pia mabinti wengi wenye tatizo hili wanaopenda hina na mapishi, na wapo mabinti wengi wasio na tatizo lolote wanaopanda mikarafuu. Huu ni mwelekeo tu, na kila mtoto na wake.

Je, anageuka mwanamume? Hapana. Kupenda mpira ni jambo moja, kujiona mwanamume ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2005 zilikusanywa taarifa za watu 250 wenye tatizo hili na kromosomu za kike, waliolelewa kama wasichana. Karibu 95 katika kila 100 walijiona wanawake, bila mgogoro. Waliokuwa na mgogoro mzito kuhusu jinsia yao walikuwa 13.

Sitakuficha hao 13. Ikiwa binti yako mwenyewe, kwa kinywa chake, kwa muda mrefu, anasema hajioni msichana na anateseka kwa hilo, msikilize mpaka amalize, usimpige, usimpeleke kombe jingine, na umlete kwa daktari wa homoni pamoja na mtaalamu wa afya ya akili anayejua vijana. Lakini katika barua yako yote hakuna pahala aliposema hivyo. Yaliyomo ni waliyoyasema wifi, mama mkwe na mtaa. Yeye hakuna aliyemwuliza.

Kama hofu iliyo nyuma ya maswali yako ni ndoa, nitasema kwa ufupi. Msichana wa miaka 14 asiyetaka habari za wavulana hajathibitisha kitu chochote. Wengi wenye tatizo hili huvutiwa na wanaume wanapokua, na wengi huolewa. Wasiovutiwa na wanaume wapo, na ni wengi kidogo kuliko kwa wanawake wengine. Kuzaa kunawezekana, hasa dawa zikitumiwa vizuri tangu ujana. Hayo ni ya mbele, na yatakuwa yake kuyaamua.

Turudi kwenye vidonge. Kumwongezea ili awe wa kike hakutafanya kazi, kwa sababu mapenzi ya mpira hayatoki kwenye androjeni za leo. Ubongo ulishajengwa. Ambacho dozi kubwa itafanya, nakijua kwa macho yangu: uso unakuwa mviringo, mwili unanenepa, ngozi ya tumbo inachanika michirizi myekundu, mifupa inadhoofika, na urefu unasimama. Haidrokotisoni ya usiku mwingi pia inaondoa usingizi. Ungempokonya urefu na mifupa yake, na bado Jumamosi angeutaka mpira.

Chunusi, vinyweleo na hedhi ndizo za homoni za leo, na hapo una haki ya kuwa na wasiwasi. Zinaniambia kwamba androjeni zimepanda. Jibu la haraka lingekuwa dozi haitoshi, lakini tumeshaona chini ya godoro, na sababu inayonijia kwanza ni kwamba vidonge havimezwi. Kwa hiyo mpeleke apimwe damu, kipimo kinachoitwa 17-haidroksiprojesteroni pamoja na androjeni na chumvi za damu, apimwe urefu, uzito na shinikizo la damu, na apigwe picha ya mifupa ya mkono kuona kama imezeeka kuliko umri wake. Daktari ndiye atakayesema dozi ibaki, ipande au ishuke. Usichelewe, kwa sababu baadhi ya mambo hayarudi: sauti ikishakuwa nzito kwa androjeni haiwi nyembamba tena, na mifupa ikishafunga haiongezeki.

Kuhusu hedhi, mwulize kwa siri kama anaumwa tumbo chini ya kitovu kila mwezi kwa siku chache kisha linapoa. Kwa baadhi ya mabinti hawa njia ya nje ni nyembamba au imefunikwa, damu inatengenezwa na haina pa kutokea. Kama maumivu ya namna hiyo yapo, safari ya hospitali iwe ya wiki hii hii.

Nikueleze kisa kimoja. Miaka kadhaa nyuma aliletwa kwangu binti wa umri kama wa wako, vipimo vyake vibaya kila mara ingawa mama yake aliapa kwamba dawa anampa kwa mkono wake. Nilimwomba mama atoke nje kidogo. Binti akafungua pindo la kanga aliyojitanda, ndani mna vidonge kumi na tisa, vingine vimeshaanza kusagika unga kwa jasho la kiganja. Alikuwa akivitia chini ya ulimi, kisha anavitema. Nikamwuliza kwa nini. Akaniambia, akitazama sakafu: "Mama kasema hivi ni vya kunitoa udume. Mimi sina udume. Mimi napenda mpira."

Binti yule alikuwa anakataa tusi, na kwa kulikataa tusi alikuwa anakaribia kufa. Nilichukua karatasi nikamchorea figo mbili, na juu ya kila figo tezi kama kofia ndogo. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akaniuliza, "Kwa hiyo nikivinywa naweza kuendelea kucheza?" Nikamwambia akivinywa ndipo atakapoweza kucheza. Vidonge kumi na tisa alivirudisha mezani kimoja kimoja.

Nadhani binti yako amesikia maneno hayo hayo, labda kwako, labda kwa bibi yake. Alipoona unamwongezea kidonge "ili tabia zirudi", alielewa kwamba dawa ni adhabu ya kuwa alivyo. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumrudishia maana ya dawa. Mtafute akiwa peke yake, msiwe mnatazamana uso kwa uso kama mahakamani. Mkichambua karafuu pamoja, au mkienda dukani. Anza kwa kukiri: "Mwanangu, nilikosea. Nilikuongezea dawa kwa sababu niliogopa maneno ya watu. Dawa hii ni ya kukuweka hai, haina kazi nyingine kwangu. Mpira wako hauna ugonjwa." Halafu nyamaza. Anaweza asijibu siku hiyo. Siku nyingine mweleze tatizo lake kwa jina, mweleze alivyozaliwa, mweleze kwamba ana mji wa mimba. Ana miaka 14, mwili ni wake, na kama hutamwambia wewe ataambiwa na wifi yako.

Wiki za mwanzo simamia dozi zote: saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa tatu usiku, au kama ilivyoandikwa kwake. Dozi ya mchana ya skuli ndiyo inayopotea zaidi. Mwambie mwalimu mmoja mnayemwamini, mwanamke ikiwezekana, na umweleze dalili za hatari tu; habari za umbo la mtoto hazimhusu.

Neno "huntha" naomba lisitumike nyumbani kwako. Wanazuoni wa fiqhi waliandika mlango wa huntha karne nyingi zilizopita, wakiutafakari kwa utulivu na kwa ajili ya kumpa mtu haki zake za sala, mirathi na ndoa. Hawakuliandika neno lile kuwa la kumtupia mtoto dirishani. Na kwa yale uliyoambiwa Dar es Salaam, binti yako ni mwanamke mwenye tatizo la tezi. Ukipata shehe mwenye elimu mkae naye mumweleze hivyo. Neno lake litamtuliza mama mkwe kuliko langu. Dua na kisomo sivikatai. Ninachokikataa ni mtu yeyote anayemwambia mtoto huyu asimamishe vidonge, awe siku saba au siku moja.

Upasuaji anaoutaka wifi yako hautabadilisha tabia hata chembe, kwa sababu hakuna kinachokatwa kinachopenda mpira. Upasuaji wa maumbile ya nje una sababu zake: damu ya hedhi isiyopata njia, maambukizi ya mkojo yanayorudi rudi, au yeye mwenyewe, akiwa ameelewa, anataka kwa ajili ya maisha yake ya baadaye. Upasuaji huo unaweza kuacha makovu na kupunguza hisia, na si kila pahala pana daktari mwenye uzoefu nao. Ukiondoa damu iliyozuiliwa, hakuna haraka. Madaktari wenyewe hatuna kauli moja juu ya umri wa kuufanya. Mimi nasimama upande wa kumsubiri mwenye mwili aseme. Na akienda kuchunguzwa, una haki ya kuomba achunguzwe na daktari mmoja, wa kike akitaka, bila kundi la wanafunzi kumzunguka kitanda. Nimewaona wanawake wazima ambao jeraha wanalolikumbuka ni siku hiyo ya kutazamwa.

Mpira usimpige marufuku. Ndipo aliposhika marafiki zake, na ndicho kitu kinachomfanya auone mwili wake ni mzuri. Ukikiondoa, kitakachobaki ni chumba, godoro na vidonge vilivyofichwa. Kumfundisha stara ni haki yako kama mama, na stara haigombani na mpira: kanuni za kimataifa zinaruhusu rasmi kucheza na kichwa kimefunikwa tangu 2014, na suruali ndefu na fulana ya mikono zipo. Kubalianeni: harusini atavaa mnavyotaka, uwanjani anavyoweza kukimbia. Hina mwachie. Kwa mkarafuu nakuombea jambo moja tu, na ningeliomba kwa mtoto yeyote: asipande matawi membamba. Akianguka akavunjika, mwili wake utahitaji dawa zaidi papo hapo, na huko shamba anaweza asiipate.

Jambo la mtoto wako wa kiume aliyefariki sikuweza kuliruka. Siwezi kumpima aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Ila mtoto wa kiume mwenye tatizo hili anazaliwa umbo lake halina shaka, hakuna mkunga atakayesita, na wiki ya pili anaanza kutapika na kukauka, hivyo wengi hufa bila kujulikana. Uliyoyaeleza yanafanana na hivyo. Tatizo hili linahitaji vinasaba viwili vyenye hitilafu, kimoja kutoka kwa mama na kimoja kutoka kwa baba, na wazazi wenyewe huwa wazima. Kila mimba, uwezekano ni mmoja katika minne. Mkiwa watoto wa ami na ami, babu mmoja anaweza kuwa amewapa nyote wawili kinasaba kile kile. Hilo si kosa lako, na si kosa lake; wakwe wakikulaumu, waambie nusu imetoka upande wao, tena upande wenu ni mmoja. Lenye faida ni hili: ukibeba mimba nyingine, daktari ajue mapema, na mtoto apimwe siku za kwanza, hata akiwa wa kiume na anaonekana mzima. Wale watoto wako wengine watatu pia waandikishe wapimwe.

Ramadhani: kwa hali yake ya sasa, asifunge. Kwetu mfungo unachukua kama saa 13, na kazi ya haidrokotisoni mwilini haifiki muda huo. Ataishiwa dawa, maji na chumvi vyote pamoja, kabla jua halijatua. Aya ya 184 ya Suratul Baqara inamtaja mgonjwa waziwazi. Muulizeni shehe wenu kuhusu fidya, na nyumbani mwekeeni chakula cha mchana bila kumfanya ajifiche. Akiwa mtu mzima, vipimo vikiwa vimetulia, anaweza kulizungumza upya na daktari wake.

Kwa matibabu, anzieni hospitali iliyo karibu nanyi, Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee pale Mkoani, mwonane na daktari wa watoto, mwombe rufaa ya Mnazi Mmoja ya Unguja au Muhimbili ya Dar es Salaam kwa daktari wa homoni. Ombeni pia sindano ya haidrokotisoni ya kukaa nayo nyumbani, na wewe na baba yake mfundishwe kuichoma pajani. Kwa umri wake kwa kawaida ni miligramu 100. Daktari wenu aithibitishe na kuiandika kwenye karatasi. Homa ikifika nyuzi 38 haidrokotisoni huongezwa mara mbili, ikipita 39 mara tatu, mpaka apone. Huko ndiko kuongeza dawa kunakookoa. Na ukiona amejifungia, hali chakula, hataki kutoka hata kwa mpira, au anasema heri afe, hilo nalo ni la hospitali siku hiyo hiyo, wala usiliite ukaidi.

Sasa Unguja. Mwache aende, vidonge vikishakuwa vinamezwa na daktari akishamwona. Mechi ya kawaida haihitaji dozi ya ziada. Inahitaji ale kabla, anywe maji mengi, na chumvi yake asinyimwe, kwani mwili wake unaipoteza. Bila shaka umemwona anavyoila embe mbichi kwa chumvi nyingi, au anavyomtaka papa mkavu. Huo si ulafi.

Kinachonitia wasiwasi katika safari hii ni boti. Mkondo wa bahari kati ya Pemba na Unguja unawatapisha hata watu wazima, na kidonge kilichotapikwa ni kidonge kisichomezwa. Ameze dozi ya asubuhi mapema nyumbani, saa nzima kabla ya kupanda, pamoja na chakula kidogo. Akitapika kabla ya saa moja kupita tangu ameze, arudie dozi. Akiitapika na hiyo, apigwe sindano bila kusubiri bandarini, na wakishuka aende hospitali moja kwa moja. Kwa hiyo mwalimu anayesafiri naye afundishwe kuichoma kabla ya siku ya safari. Fungasha vidonge vya siku zote za safari na vya siku tatu zaidi, gawanya mafungu mawili, moja mkobani kwake na moja kwa mwalimu. Sindano, karatasi ya daktari na namba yako ya simu viwe kwenye mfuko mmoja wa nailoni usioingia maji, na yeye mwenyewe ndiye aubebe.